Je, wajua kwa nini radi huangusha breka na bado kifaa huungua?

Wakazi wa Bukoba, Mwanza, Kisii na Kakamega wanalijua hili. Mvua inanguruma, radi inapiga pembeni, na papo hapo nyumba inakuwa giza. Kwa jirani taa zinawaka. Unaipandisha breka, ile swichi ya kwenye bodi inayojikata yenyewe, umeme unarudi, lakini dekoda imekufa. Ilikuwaje basi, na breka ilishuka?

Breka imechelewa. Imetengenezwa kulinda nyaya zisiungue kwa shoti au mzigo mkubwa, na hata shoti ikiwa kali huchukua milisekunde kadhaa kukata. Mkondo wa radi, ambao kwa kawaida hufikia ampea 30,000 hivi, hupanda hadi kileleni ndani ya mikrosekunde chache tu. Breka inapoanza kuachia, radi imeshapita na imeshaharibu.

Wala si lazima ipige paa lako. Ikipiga nguzo, au hata mti ulio karibu na laini, wimbi la volti elfu kadhaa hukimbia kwenye nyaya mpaka kwenye soketi zilizozoea volti 230. Waya wa antena nao ni mlango.

Kinachoishusha breka mara nyingi ni umeme wa kawaida unaokuja nyuma ya radi. Wimbi likiruka kutoka waya wa moto kwenda nyutro (waya wa kurudisha umeme) au ethi (waya wa kwenda ardhini), huacha njia wazi, na umeme wa laini huifuata njia hiyo hiyo. Hiyo ndiyo shoti ambayo breka inaiona. Kwenye bodi nyingine kuna pia swichi yenye kitufe cha majaribio, nayo ina kisa chake: hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na nyingi za majumbani hushuka milliampea 30 zikipotelea ardhini. Ndiyo maana radi ya mbali yaweza kuiangusha bila chochote kuharibika.

Hofu yangu kubwa ni nyaya zilizofukiwa ukutani. Wimbi la radi laweza kutoboa plastiki ya waya tundu dogo mno, taa zikaendelea kuwaka kama kawaida, kisha unyevu ukaingia na tatizo likajitokeza baadaye. Breka ikikataa kupanda, tafadhali usiilazimishe, na usikubali kuwekewa kubwa zaidi. Mwite fundi apime nyaya.

Kuzima breka tu hakutoshi. Pengo lililo ndani yake ni la milimita chache, na volti 3,000 hivi zinatosha kuruka milimita moja ya hewa. Chomoa plagi, chomoa na waya wa antena, ukifanya hivyo mawingu yakiwa bado mbali. Radi ikishafika juu ya nyumba, usiguse soketi. Kipo pia kizuia-radi kinachofungwa kwenye bodi ya umeme, na kwa nyumba za kandokando ya Ziwa Victoria naona kinastahili gharama yake. Ila kinahitaji ethi nzuri: waya mfupi, usiopindapinda, na fito lililozama kwenye udongo wenye unyevu. Mwambie fundi aipime ethi kwanza, ndipo akifunge.