Moteri ya boti ya tanga ziwani Kivu: yanayosemwa ufukweni na yaliyo kweli

"Mkubwa, chukua hii ya farasi 15. Hiyo ya 5 ni mchezo wa watoto." Ndivyo alivyoniambia muuzaji mmoja hapa Goma nilipokuwa natafuta moteri ya kupachika nyuma ya boti yangu ndogo ya tanga. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anarudia yale yanayosemwa ufukweni kote, kuanzia Kituku hadi Himbi, na mengine niliyaamini mimi mwenyewe kwa miaka. Nayaandika kwa sababu wengi wetu hununua moteri mara moja tu maishani, na kosa la kuchagua halionekani dukani. Linaonekana ukiwa katikati ya maji, upepo umebadilika na giza linaingia.

"Farasi nyingi ndiyo usalama"

Boti yangu ina urefu wa mita 6, lakini sehemu inayolala majini ni mita 5.4. Nikipanda na wenzangu wawili na mizigo yetu, uzito wote unafika kama tani moja. Boti ya namna hii haipai juu ya maji, inayakata. Inapoyakata hujenga wimbi mbele na jingine nyuma, na kadiri inavyokimbia ndivyo wimbi hilo linavyorefuka. Ufike wakati wimbi lina urefu sawa na boti yenyewe, boti inabaki imelala bondeni, wimbi moja puani na moja chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma. Ili iende mbio zaidi lazima ipande kilima cha maji ilichokijenga yenyewe, na boti nzito ya tanga haina umbo la kukipanda.

Hesabu yake ni fupi. Chukua urefu wa boti kwenye mstari wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Unapata kikomo cha mwendo kwa kilomita kwa saa. Yangu inatoka kilomita 10 na nusu. Kuifikisha karibu na hapo kunahitaji kama farasi 4 au 5 kwa kila tani, basi.

Nililiona hilo kwa macho siku nilipoazima moteri ya farasi 15. Nilipokaza gesi nusu, boti ilikuwa imeshafika mwendo wake. Nilipokaza yote, pua ilinyanyuka, tezi ikazama mpaka maji yakawa yanalamba ubao wa nyuma, na nyuma yetu kukawa na wimbi kubwa jeupe. Mwendo ukabaki uleule. Kilichoongezeka ni kelele na esanse. (Nasema esanse kama tunavyosema hapa, maana Goma ukisema petroli utaletewa mafuta ya taa.)

Zile kano rapidi, boti za mwendo kasi zinazokwenda Bukavu, ni jambo jingine. Chini ni bapa, ni nyepesi kwa urefu wake, nazo hupanda juu ya maji na kuteleza. Pale farasi 40 zina kazi. Kosa letu ni kuziangalia zinavyopita kisha kudhani moteri yake ndiyo inayofanya kazi ile, wakati ni moteri pamoja na umbo la boti.

Halafu kuna uzito. Moteri ya farasi 15 ya stroki nne ina karibu kilo 50, ya farasi 5 au 6 ina kama kilo 26. Kilo hizo zinaning'inia nje ya tezi siku zote, hata unapokwenda kwa tanga. Ni kama kumkalisha kijana mmoja nyuma kabisa asiyeshuka kamwe.

"Farasi zilizoandikwa kwenye kofia ndizo unazopata"

Hili halisemwi hata kwa sauti, watu huliamini tu. Nguvu iliyoandikwa ni ya usawa wa bahari. Kivu iko karibu mita 1,460 juu, na hewa yetu ni nyepesi: shinikizo lake ni kama asilimia 84 ya lile la Mombasa. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Kwa hiyo moteri iliyokuwa na farasi 5 kule baharini, hapa ina farasi 4 na robo.

Ndiyo maana mimi, niliyehitaji farasi 4 na nusu hivi, nilichukua ya 6. Haikuniongezea uzito, kwa sababu watengenezaji wengi hutumia injini ileile kwa farasi 4, 5 na 6. Tofauti iko kwenye jinsi inavyoruhusiwa kupumua.

Lakini nguvu pekee haikutosha. Wiki ya kwanza moteri mpya ilikuwa inakohoa moshi na kukataa kupanda mizunguko. Fundi wangu, mzee mmoja aliyeanza na pikipiki, alifungua buji (plagi ya cheche) akainyoosha kwenye jua bila kusema neno. Ncha yake ilikuwa nyeusi, kavu, imefunikwa masizi laini kama ya chungu cha mkaa. "Inakula mafuta mengi kuliko hewa," akasema. Kabureta ilikuwa imepimwa kwa hewa nzito ya pwani. Ndani yake kuna kijitundu cha shaba kinachopima esanse inayopita, na dawa ni kuweka chenye tundu dogo zaidi. Kitabu cha moteri hueleza saizi kwa kila mwinuko. Dai kitabu hicho kabla ya kulipa. Moteri mpya kubwakubwa zinazopuliza mafuta kwa kompyuta hujirekebisha zenyewe, hizo hazina shida hii.

Jambo la pili ni helisi, au pangaboi kama wanavyosema watu wa pwani. Kila helisi ina namba mbili: upana, na umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Helisi ya kawaida huja na inchi 8 au 9 za namba hiyo ya pili, imetengenezwa kwa boti nyepesi inayokimbia. Ukiiweka kwenye boti nzito ya tanga, tena huku juu, ni sawa na kupanda mlima kwa gia ya nne. Nilibadilisha nikaweka ya inchi 6. Mizunguko ikapanda mpaka kiwango kilichoandikwa kitabuni, moshi ukaisha, na boti ikaanza kusukumwa badala ya kupigiwa kelele. Ukiweza kupata moteri iliyotengenezwa kwa ajili ya boti za tanga, kama Tohatsu Sail Pro ya farasi 6 au Yamaha ya 9.9 ya msukumo mkubwa, hiyo huja tayari na helisi ya namna hii.

"Mguu mfupi unatosha, tena ni mwepesi"

Kama nina neno moja la kumshika mtu mkono kwa ajili yake, ni hili.

Moteri za kupachika huja na mguu wa sentimita 38, 51 au 64 hivi. Wengi tunaona ule mfupi sokoni kwa sababu mitumbwi na boti bapa zinautumia, na pale unafaa. Kabla sijanunua yangu niliwahi kuazima ya mguu mfupi kwenda upande wa Minova. Asubuhi ziwa lilikuwa kama kioo, kila kitu safi. Alasiri ya kiangazi upepo wa kusini ukaanza, mawimbi yakaja mafupi na makali. Kila pua ilipozama, tezi ilinyanyuka, helisi ikatoka majini, na moteri ikapiga kelele ya kutisha kwa sababu haikuwa na kitu cha kusukuma. Tezi iliporudi, helisi ilikuwa inapiga povu tu, imekula hewa. Tulikuwa tukisukumwa polepole kuelekea kwenye miamba ya lava huku injini ikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Kilichotutoa ni tanga. Tulipandisha kipande kidogo, tukapiga bisho, yaani kwenda mshazari kuukabili upepo, mpaka tukapata nafasi.

Boti ya tanga ina tezi ndefu na hucheza juu chini kuliko boti bapa, kwa hiyo inahitaji mguu wa 51 kwa uchache, na mara nyingi wa 64. Pima hivi: boti ikiwa majini na watu wake, shusha utepe kutoka pale vibanio vya moteri vitakapokaa hadi usoni pa maji. Mguu hupimwa kutoka vibanio hadi kile kibati kilicholala juu ya helisi, na kibati hicho kinatakiwa kuwa chini ya maji angalau upana wa kiganja wakati ziwa limetulia. Kisha mwambie mwenzio asogee mbele kabisa puani, upime tena. Kipimo hicho cha pili ndicho cha kununulia. Bracketi ya chuma ya kubebea moteri, inayopanda na kushuka, inasaidia sana: unaishusha ukiwasha, unaipandisha ukitweka tanga.

Stroki mbili na stroki nne

Husemwa stroki mbili ina nguvu zaidi. Farasi 6 ni farasi 6. Stroki mbili ni nyepesi na fundi yeyote wa pikipiki ataifungua, ndiyo sababu Yamaha Enduro zimejaa kwenye maziwa yetu. Stroki nne hunywa esanse kidogo, haina moshi, na huenda taratibu bila kukohoa, jambo unalolitaka unapoingia bandarini. Ila stroki nne usiilaze upande wowote unaotaka. Ina upande mmoja wa kulalia, umechorwa juu yake.

Stroki mbili huchanganyiwa oili ndani ya esanse, na kuna imani kwamba oili nyingi huilinda injini. Kipimo cha kawaida ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita ya esanse. Ukizidisha unaziba buji, na oili ikichukua nafasi ya esanse injini inapata joto zaidi. Na esanse ya kadhafi, yaani muuzaji wa barabarani, iache ilale usiku mzima kwenye chupa inayoonyesha ndani. Kama kuna maji, asubuhi utayaona yamejikusanya chini.

"Cheche ya moteri itawasha gesi ya ziwa"

Haiwezi. Metani ya Kivu, ndiyo gesi hiyo, imeyeyuka katika maji ya chini sana, nyingi yake zaidi ya mita 250, imebanwa na uzito wa maji yaliyo juu. Kule upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt huvuta maji kutoka karibu mita 350 ndipo upate gesi ya kuzalisha umeme. Helisi yako inafika nusu mita.

"Si maji ya bahari, hakuna cha kusafisha"

Chumvi hatuna, ni kweli, lakini Kivu ina madini mengi kuliko maziwa mengi ya maji baridi. Kile kipande cha metali laini kinachofungwa kwenye moteri ili kiliwe na maji badala yake kisiwe cha zinki, kile cha baharini. Kwa maji baridi ni magnesi, au alumini. Adui wetu mkubwa zaidi Goma ni mchanga mweusi wa lava. Ukiwasha moteri kwenye maji ya magoti, pampu ya kupozea inaufyonza. Niliwahi kutoa kigurudumu cha mpira cha pampu kilichofanya kazi msimu mmoja: ncha zake zilikuwa zimesagika, unaweza kuzichuna kwa ukucha. Sukuma kwa kasia mpaka maji ya kifua ndipo uvute kamba. Na kila ukiwasha, angalia nyuma kama moteri inakojoa, yaani inatoa maji ya kupozea. Isipokojoa, zima papo hapo.

"Iliyotumika ni ya kutupa"

Si kweli, mradi uikague kabla ya kutoa hela. Legeza parafujo ya chini kwenye sanduku la gia uiache itone kidogo kwenye kidole. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Zungusha helisi kwa mkono, uangalie kama mhimili umepinda. Kisha omba iwashwe ndani ya pipa la maji, ikiwa baridi, si ile aliyokwisha kuipasha kabla hujafika. Gusa kofia kwanza. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho asubuhi.