Geji Yako Inaanza Kuhesabu Kanieneo Kutoka Wapi?

Fundi wa matairi wa Kariakoo anapomwambia dereva kwamba tairi lina paundi 30, anasema kweli, ila geji yake huonyesha sifuri inapokuwa wazi hewani, ilhali hewa ya Dar es Salaam, mji ulio pwani, yenyewe hugandamiza kila kitu kwa takribani kilopaskali 101, sawa na paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Tukianza kuhesabu kutoka kwenye ombwe, mahali pasipo na hewa yoyote, tairi hilo lina paundi 44.7.

Namba zote mbili ni sahihi, kila moja kwa kazi yake. Mpira wa tairi huhimili tofauti iliyopo kati ya ndani na nje, kwa hiyo dereva anahitaji kanieneo (mgandamizo kwa kila eneo) ya geji, inayohesabiwa kutoka kwenye hewa ya nje. Kanuni za gesi, kwa upande wake, huitambua sifuri ya ombwe peke yake. Tairi hilo likipata joto kutoka nyuzi 27 za Selsiasi hadi 57, yaani kutoka kelvini 300 hadi 330, kanieneo yake kamili, ile inayohesabiwa kutoka kwenye ombwe, huongezeka kwa sehemu moja ya kumi na kufika paundi 49.2, na geji husoma 34.5. Anayekokotoa kwa kuongeza sehemu ya kumi juu ya 30 hupata 33, kisha huishuku geji isiyo na kosa lolote.

Mwinuko nao una sehemu yake. Mbeya, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ina kanieneo ya hewa ya kilopaskali 83 au karibu na hapo, kwa hiyo lori lililojazwa upepo Dar es Salaam likifika huko, matairi yakiwa na joto lilelile, geji itaonyesha nyongeza ya paundi 2 na nusu hivi ingawa hakuna aliyeongeza upepo. Pampu inayovuta maji kutoka chini huona kinyume chake. Kinachoyapandisha maji ni hewa ya nje inayoyasukuma, na hata kwa ombwe kamili hayapandi zaidi ya mita 10.3 pwani, Mbeya hayafiki mita 8 na nusu, na pampu halisi huishia chini ya hapo.

Kosa ninaloliona kuwa zito kuliko yote ni kubonyeza kitufe cha sifuri, kifaa kikiwa wazi hewani, bila kujua kifaa hicho ni cha aina gani. Kwa geji ya kawaida utaratibu huo ni sahihi, na unapaswa kufanywa kabla ya kipimo. Kifaa cha kanieneo kamili, hata hivyo, kinatakiwa kisome takribani 101 kikiwa wazi hapa Dar es Salaam, na anayekilazimisha kusoma sifuri amekiondolea kilopaskali 101 katika kila kipimo kitakachofuata. Sifuri yake huhakikiwa kwenye ombwe, au husomwa sambamba na barometa (kipimo cha kanieneo ya hewa) iliyohakikiwa.

Kwa mabomba yenye maji, angalia pia kimo cha geji yenyewe, kwa kuwa kila mita ya maji huongeza kilopaskali 9.8: geji iliyofungwa mita 5 chini ya sehemu inayopimwa, bomba la kuiunganisha likiwa limejaa maji, husoma kilopaskali 49 zaidi, na kiasi hicho hupunguzwa kabla ya kuandika matokeo. Pembeni ya matokeo andika kama ni kanieneo ya geji au kamili, maana herufi kPa (kilopaskali) peke yake haimwambii msomaji ni ipi.