Eti Tanga bado ndogo, tutapanga ikishakua

Wiki hii nimeisikia mara tatu, na ya tatu ilitoka kwa mzee mmoja aliyekuja ofisini kwetu mipango miji na karatasi zake za mauziano kwenye mfuko wa rambo, anataka hati: "Mwanangu, Tanga hii bado ndogo, ardhi ipo tele, hayo mambo ya mipango miji waachieni Dar." Nikanyamaza maana ni mtu mzima wa kuheshimiwa, ila sasa naandika.

Kwanza ndogo ipi? Sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu laki 2 na elfu 73, ya 2022 wakafika laki 3 na elfu 93, yaani miaka kumi tu wameongezeka kama laki na elfu 20, na hiyo ni kabla mambo ya bomba la mafuta ya Hoima, Uganda, linaloishia hapa Chongoleani hayajachanganya. Hao watu hawakuhamia Ngamiani kule kwenye mitaa ya namba iliyonyooka toka enzi za Mjerumani, Ngamiani ilishajaa, wamejenga pembeni kwenye mashamba, na shamba likishakatwa vipande vya mita 20 kwa 20 na kuuzwa basi huo ndio mpango wenu wa miaka hamsini ijayo, mpende msipende.

Hebu tupige hesabu maana watu wanadhani barabara ni hasara. Heka moja ni mita za mraba 4,047, kama mita 64 kwa 64. Ukikata vya 20 kwa 20 bila kuacha njia, kwa hesabu ya eneo unapata kumi. Ukipitisha barabara ya mita 8 katikati imekula kama 512, unabaki na vinane vikubwa kidogo, mita za mraba 440 kila kimoja, na vyote vinafikika na gari. Kwa hiyo unagombana na mimi kwa ajili ya viwanja viwili, na hivyo vinane utaviuza bei nzuri zaidi.

Kwa yule mzee nilienda. Njia aliyoacha nimeipima kwa tepu, mita mbili na nusu, bajaji inapita kwa adabu. Gari la majitaka halifiki, kwa hiyo shimo likijaa wanachimba lingine pembeni, na kisima kipo hatua chache tu kutoka hapo. Zimamoto ndo usiseme. Sasa wanataka urasimishaji, yaani wapimiwe na kupewa hati wakati nyumba zimeshajengwa, tukakaa chini ya mwembe na mwenyekiti wa mtaa, kila mtu anakubali barabara ni muhimu sana ila ipite kwa jirani, na mchoro wenyewe unapita juu ya choo cha mama mmoja alichomaliza kukipiga marumaru mwezi uliopita. Utamwambia nini? Shamba lilipokuwa tupu ile barabara ingekuwa kamba na bikoni nne za kuonyesha mipaka.

Wanaosema waachieni Dar waende Sinza au Kijitonyama wakaangalie. Zile ni viwanja vya mradi wa Benki ya Dunia wa miaka ya 70, vilipimwa na njia zikaachwa kabla watu hawajajenga, na mpaka leo lori linaingia. Halafu wavuke waende Manzese, ambako nyumba zilitangulia na huduma zikaja kujipenyeza baadaye, wataona wenyewe.

Hoja nyingine ninazosikia nazimaliza haraka. Eti mpango kabambe, ule mchoro wa jiji zima wa miaka mingi ijayo, ni bomoabomoa: rasimu inatakiwa kuwekwa hadharani mtoe maoni, ila siku hiyo hamji, mnakuja siku ya alama ya X. Eti jiji ni maghorofa na barabara za njia nne: hapa ni tambarare, watu wanaendesha baiskeli toka zamani, mama anaenda sokoni na mtoto nyuma, mkipanua barabara mkakata na miti mtakuwa mmemtoa huyo mkamweka kwenye boda ya kulipia. Mimi ningeanza na njia ya baiskeli yenye kivuli, na mwarobaini wa watu usiguswe, hilo nimeshagombana nalo sana na bado sijachoka.

Eti mazingira ni kupanda miche siku ya sherehe na kupiga picha. Maji yenu yanatoka mto Zigi, bwawa la Mabayani, huko juu Usambara wakilima mpaka ukingoni tope linakuja kwenye bomba lako. Tanga Uwasa, mamlaka yetu ya maji, mwaka 2024 walitoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji. Sasa bomba jipya likifika mtaani kwenu linalazwa wapi kama njia ni mita mbili na nusu na pembeni ni ukuta wa mtu?

Mzee kanipigia jana usiku. Kumbe ana heka nyingine mbili kule kwa juu hajaziuza, madalali wanamsumbua. Nimemwambia asipokee hela ya mtu, Jumamosi asubuhi nakuja na kamba.