Mbegu ya jike haikuhakikishii mimba

Mfugaji akisikia habari za "mbegu ya jike", yaani mbegu za fahali zilizochambuliwa ili ndama azaliwe jike, huuliza kwanza bei. Mimi humrudishia swali: unataka kumhimilisha (kumtia mbegu kwa chombo, bila fahali) ng'ombe yupi?

Mbegu za fahali ni za aina mbili, zenye kromosomu X zinazoleta jike na zenye Y zinazoleta dume, na huwa karibu nusu kwa nusu. Ukiziangalia kwa hadubini hutazitofautisha. Ila yenye X imebeba vinasaba vingi zaidi, kwa takriban asilimia 4 tu, na hapo ndipo mashine inaposhika. Mbegu hutiwa rangi inayong'ang'ania vinasaba, zikapitishwa mojamoja kwenye mwanga wa leza. Yenye X hung'aa kidogo zaidi. Tone lililoibeba hutiwa chaji ya umeme na kuvutwa upande wake. Mbinu hiyo ilitokana na kazi ya Lawrence Johnson na wenzake huko Beltsville, Marekani, ambao mwaka 1989 walitangaza sungura waliozaliwa kwa mbegu zilizochambuliwa hivyo. Kwa ng'ombe, kati ya ndama 10 takriban 9 huwa majike.

Lakini rangi, leza na msukumo wa mashine huichosha mbegu kabla hata haijagandishwa. Tena uchambuzi ni wa polepole na mbegu nyingi hutupwa, kwa hiyo mrija, kijibomba chembamba chenye dozi moja ya mbegu, hupewa chache. Mrija wa kawaida huwa na mbegu kama milioni 20. Wa jike kwa miaka mingi ulikuwa na milioni 2, na siku hizi kuna wa milioni 4. Mimba hushika kwa kiwango cha chini kuliko mbegu ya kawaida, hata mhimilishaji awe hodari namna gani.

Kwa hiyo mbegu hiyo mpe mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mwenye afya na uzito wa kutosha. Yeye hushika mimba kwa urahisi, na ndama jike kwa kawaida ni mdogo kuliko dume, jambo linalompunguzia taabu ya uzao wa kwanza. Ng'ombe anayerudia joto (hamu ya kupandwa) kila mara baada ya kuhimilishwa usimpe. Huko ni kuchoma fedha. Mtibu kwanza.

Joto nalo liwe la kuonekana kwa macho: anasimama tuli wenzake wakimpanda. Andika saa uliyomwona. Mrija hutoka kwenye naitrojeni ya kimiminika ya nyuzi 196 chini ya sifuri na kuyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37. Mhimilishaji anayepima maji hayo kwa kidole badala ya kipimajoto, mwambie asubiri. Hutakuwa umemkosea adabu.

Kazi ikiisha, omba mrija mtupu. Umeandikwa jina au namba ya fahali. Bandika kwenye daftari lako, maana huyo jike akizaliwa, ndani ya miaka miwili atahitaji mbegu, na isiwe ya baba yake.