Geji ya waya: namba inapanda, waya unapungua

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Dar es Salaam ukataka waya wa nyumba, muuzaji atakuuliza: wa moja na nusu au wa mbili na nusu? Hizo ni milimita za mraba za shaba, na namba ikipanda waya unanenepa. Aliyezoea hesabu hiyo, siku anaposoma maelekezo ya altimita ya roketi ya mfano (kile kifaa kidogo kinachopima kimo na kuamuru parashuti ifunguke), anakuta ameandikiwa "22 hadi 26 AWG". Hapo mambo yamegeuka. Waya wa 26 ndio mwembamba.

AWG ni kipimo cha Marekani cha unene wa waya, kilichoanza kutumika 1857, na hiyo namba ndiyo geji. Asili yake ni kiwandani. Waya hutengenezwa kwa kuvutwa kupitia tundu, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo kuliko hilo, na kila ukivutwa unapungua. Waya uliopita matundu mengi ukapata namba kubwa. Ukipanda geji tatu, shaba inabaki nusu; ukipanda sita, kipenyo ndicho kinachobaki nusu. Geji 22 ina kipenyo cha milimita 0.64, geji 24 ina 0.51, geji 30 ina 0.25.

Wengi huchagua geji kwa kuhofia umeme, lakini roketi ndogo haili umeme mwingi. Kazi yake nzito ni kuwasha kiberiti cha umeme kinacholipua baruti kidogo ya kusukuma parashuti nje, na hiyo hutaka takriban ampea moja kwa kufumba na kufumbua. Chukua waya wa geji 26, sentimita 30 za kwenda na 30 za kurudi. Ukinzani wake wote haufiki omu 0.1, ilhali kiberiti chenyewe kina omu moja hivi. Hata geji 30 ingetoa omu 0.2 tu. Kwa upande wa umeme, basi, karibu waya wowote unatosha. Mbona maelekezo hayasemi 30? Kwa sababu waya wa roketi hauungui. Unakatika.

Roketi ikiondoka kwa mchapuko wa mara 20 ya mvutano wa dunia, betri ya volti 9 yenye gramu 45 inageuka mzigo wa gramu 900. Ikiwa imeachwa ishikiliwe na nyaya zake, mzigo wote huo unaangukia kwenye viungo viwili vya lehemu. Betri ifungwe kwa kamba za plastiki, waya ubaki na kazi ya kupitisha umeme tu.

Kingine ni nyuzi. Kebo ya intaneti inayopita ukutani mara nyingi ni geji 24, na vipande vyake hubaki kila fundi anapomaliza kazi. Inashawishi sana. Ila ndani kila waya ni uzi mmoja mgumu. Ukikunjwa mara chache palepale, unavunjika. Tafuta waya wa nyuzi nyingi zilizosokotwa. Geji 22 ya kawaida ina nyuzi 7, kila moja ya geji 30, na mmoja ukikatika sita bado wapo kazini. Mimi huchukua 24 ya nyuzi nyingi: inakunjika vizuri, na bado mkono unaiona.

Halafu ncha, na hapa ndipo safari nyingi huharibika. Ukilehemu, lehemu iliyoyeyuka hupanda katikati ya nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, ikaingia hadi chini ya plastiki. Pale inapoishia, waya mgumu unakutana na waya laini, na mtikisiko wote unakunja hapohapo. Lehemu kidogo, kwa haraka, kisha vika bomba la plastiki linalonywea kwa joto, lifunike kiungo na sentimita moja zaidi ya waya.

Kwenye terminali za skrubu (vile vishimo ambamo ncha ya waya hubanwa kwa skrubu) usipake lehemu kabisa, ingawa ncha iliyopakwa inapendeza macho. Lehemu ni laini. Ikibanwa inajongea polepole, na skrubu uliyoikaza Jumatatu imelegea Jumamosi. Menya milimita 5 au 6, sokota nyuzi kwa vidole, ingiza, kaza. Ukipata vikofia vidogo vya shaba vya kubana kwa koleo, ni bora zaidi. Angalia usibane plastiki badala ya shaba, maana skrubu itakaza vizuri na umeme usipite.

Kabla ya kuweka betri na baruti, shika kila waya uuvute kwa vidole viwili, kwa nguvu ya kuvua kofia ya kalamu. Kisha weka mita ya kupimia umeme kwenye mlio (hulia umeme unapopita bila kukatika), gusisha ncha zake kwenye ncha mbili za waya, utikise waya karibu kabisa na kiungo. Mlio ukikatika hata mara moja, kata ncha hiyo uanze upya.