Nini maana ya tathmini ya hatari ya kuanguka katika wodi ya utengamao

Kuanguka, kwa wauguzi, ni mtu kujikuta sakafuni au mahali palipo chini ya alipokuwa bila ya kukusudia. Hata aliyeteleza taratibu kutoka kitini na asiumie popote huandikwa kuwa ameanguka. Tathmini ya hatari ya kuanguka ni kumchunguza mgonjwa kabla hilo halijatokea, ili ijulikane ni kitu gani hasa kitakachomwangusha, wakati gani na akiwa katika shughuli gani.

Chombo kinachojulikana zaidi ni kipimo cha Morse, ambacho huhesabu mambo sita. Aliyewahi kuanguka hivi karibuni hupewa alama 25, mwenye maradhi zaidi ya moja 15, aliyetundikiwa dripu 20, na kwa anachoegemea akitembea, bakora ni 15 au kujishikiza kwenye vitanda na meza 30. Mwendo ulioharibika huongeza 20, na kusahau kwamba nguvu zimepungua huongeza 15. Alama 45 na kuendelea kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni hatari kubwa. Sasa mchukue mzee wa Wete aliyepata kiharusi, mwenye sukari, anayekokota mguu kwa bakora na anayeamini bado anaweza kwenda msalani peke yake: hajaanguka hata mara moja, na tayari ana 65.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa wodi ya utengamao, yaani ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa mwili wake. Karibu kila aliyelazwa humo ana mwendo mbovu, kwa kuwa mwendo mbovu ndio uliomleta, na kipimo kinachowatia wote katika kundi moja hakimwambii muuguzi wa zamu ya usiku aanze na kitanda kipi. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2013 ilifika mbali zaidi, ikashauri alama za kubashiri zisitumiwe kwa waliolazwa, bali kila mwenye umri wa miaka 65 na zaidi ahesabiwe kuwa yumo hatarini na sababu zake zitafutwe moja moja. Kwa maoni yangu fomu ina faida ya kumkumbusha mtu maswali, lakini jumla yake isichukuliwe kuwa ndiyo jawabu.

Jengine ni kwamba hatari hii haitulii. Mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani haanguki kwa urahisi. Huanguka zaidi pale mguu unapoanza kupata nguvu na matumaini yakautangulia. Kwa hiyo tathmini ya siku ya kulazwa haitoshi, na hurudiwa kila hali inapobadilika, dawa mpya inapoanzishwa, au baada ya kuanguka. Hupimwa pia presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama: ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu, kizunguzungu chake kina sababu inayoweza kushughulikiwa.

Kwetu Unguja na Pemba yapo maswali ambayo fomu zilizotungwa ughaibuni haziyaulizi. Mgonjwa anaamka Alfajiri kutia udhu, taa ni hafifu, sakafu imeroa, miguuni ana kandambili zilizolika nyayo, na jamaa aliyekesha naye ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi. Kumuuliza huwa anaswali vipi, na nani humtilia maji, ni sehemu ya tathmini, kwani akiletewa chombo cha maji na kutia udhu ameketi, safari moja ya gizani imeondoka.

Maswali hayo humfuata hadi anaporuhusiwa. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina ngazi zilizosimama na milango yenye vizingiti vilivyoinuka, hivyo mtaalamu wa mazoezi ya viungo humuuliza bintiye bibi mkubwa kizingiti cha kwao kinafika wapi mguuni. Akijibu kwamba kinafika katikati ya muundi, zoezi la kesho haliwi tena kutembea ukumbini palipo sawa, bali kuunyanyua mguu ule dhaifu na kuuvusha juu ya kibao cha kimo hicho hicho.