Ana Seki Ngapi? Dhana Potofu Kuhusu Kumpima Mlinzi wa Mstari Kabla ya Drafti ya NFL

Kila mwishoni mwa Aprili, usiku wa kuamkia Ijumaa, simu yangu huita saa tisa kasoro. Anayepiga ni mdogo wangu aliyeko Minnesota, Marekani. Kwao bado ni jioni ya Alhamisi, huku kwangu Dar es Salaam hata jogoo hajawika. Drafti ya NFL inakaribia kuanza. Msomaji asiichanganye na ile drafti ya vizibo vya soda inayochezwa barazani. Hii ni shughuli ya raundi saba ambamo timu 32 za ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni.

Likitajwa jina la mlinzi wa mstari, yaani mmoja wa wale majabali wanaojipanga mbele kabisa ya kikosi cha ulinzi, mkono chini kwenye nyasi, swali la mdogo wangu huwa ni lile lile: "Kaka, ana seki ngapi?"

Seki ni pale mlinzi anapomwangusha kotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, akiwa bado na mpira mkononi, hajaurusha. Kuuliza idadi yake si vibaya, tatizo ni kwamba wengi huishia hapo hapo. Mimi hawa walinzi nimewafuatilia kwa miaka mingi, nawapenda kuliko hata makotabeki wenyewe, na huniuma kuona kazi yao ikisomwa vibaya. Hesabu haikuambii kijana alitumwa kufanya nini uwanjani, na mtu anayetaka kumpima kwa haki hana budi kuanzia hapo.

Dhana: Mwenye seki nyingi chuoni ndiye atakayetamba kwenye ligi ya kulipwa

Tuanze na Danielle Hunter, mzaliwa wa Jamaica aliyechezea chuo cha LSU. Msimu wake wa mwisho pale, 2014, alipata seki moja na nusu tu. (Nusu huhesabiwa pale walinzi wawili wanapomwangusha kotabeki pamoja.) Kwa miaka yote aliyochezea chuo alikuwa na seki 4.5. Timu zikampita raundi ya kwanza, zikampita ya pili, mpaka Minnesota Vikings walipomchukua raundi ya tatu, chaguo la 88, mwaka 2015. Mwezi Desemba 2019, akiwa na miaka 25, alikuwa mchezaji mdogo kuliko wote waliomtangulia kufikisha seki 50 katika ligi hiyo.

Je, wasaka vipaji hawakumwona? Walimwona. Ana urefu, ana mikono mirefu, ana mbio. Wengi walichokisoma kwanza ni safu ya seki kwenye karatasi, wakati kazi ya mlinzi wa pembeni katika vikosi vingi vya chuo ni hii: mshike mzuiaji (mpinzani anayemkinga kotabeki wake) aliye mbele yako, linda pengo lako, mkimbiaji mwenye mpira asipenye kati yako na mwenzako, na kotabeki asipate upenyo wa kutorokea upande wako. Mambo ya kwenda kumsaka huja baadaye, kama muda umebaki. Kijana anayefanya hivyo kwa utii anaweza kumaliza mechi nzima bila seki hata moja, na kocha wake akamkumbatia.

Upande wa pili yuko Vernon Gholston wa Ohio State. Msimu wa 2007 alipata seki 14. Kwenye vipimo vya kabla ya drafti alinyanyua chuma cha kilo 102 mara 37. New York Jets wakamchukua wa sita mwaka 2008. Alikaa nao misimu mitatu na hakupata seki hata moja. Sifuri! Jets walimhamisha pia kutoka kuweka mkono chini hadi kucheza amesimama, jambo ambalo mashabiki wengi hulisahau wanapomsema. Lakini hata bila hilo, aliyetazama seki zile 14 moja moja alipaswa kuuliza: hii aliipata kwa kumshinda mtu, au mzuiaji alijikwaa? Kotabeki alizubaa na mpira kwa sekunde tano? Mzuiaji mwenyewe alikuwa wa kiwango gani?

Kwa hiyo acha hesabu kwanza, washa video. Na video yenyewe usiitazame kama shabiki, maana jicho la shabiki hufuata mpira. Chagua mtu mmoja umkodolee macho.

Tuseme ni jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi kumi, zimebaki yadi nane. Kijana wetu amejipanga nje ya bega la mzuiaji wa pembeni. Simamisha picha pale mpira unapoondoka kwenye nyasi: je, yeye ndiye wa kwanza kuondoka katika mstari wao, au anaamshwa na wenzake? Isogeze kidogo. Hatua ya pili imefika wapi, bado yuko mbele ya mzuiaji au ameshafika usawa wa nyonga yake? Mikono ya nani imetua kwanza? Ya kwake ikitua kifuani kwa mzuiaji, viganja ndani, dole gumba juu, ameshaanza kushinda. Mikono ya mzuiaji ikitua kwanza, sasa subiri uone kama anajua kuifyeka. Halafu tazama kona, yaani anavyopinda kumzunguka mzuiaji kumwendea kotabeki. Kona ndiyo inayowatenganisha watu. Mwenye kipaji hushusha bega la ndani mpaka goti linakaribia kugusa nyasi, kifundo cha mguu kinapinda, vidole vinaelekea kwa kotabeki, na hapunguzi mwendo. Asiye nacho hupitiliza, anazunguka mbali nyuma ya kotabeki kama basi lililokosa kituo.

Sasa huenda kotabeki ameshaurusha mpira ndani ya sekunde mbili na nusu. Hakuna seki. Kwenye karatasi hakuna kitu kilichotokea. Mpimaji makini ameshaandika kwamba kijana amemshinda mtu wake, na kama ameyaona hayo mara kumi katika mechi mbili, anajua anachokitazama.

Nisieleweke kwamba seki nyingi ni dalili mbaya. Terrell Suggs wa Arizona State alipata 24 mwaka 2002, rekodi ya vyuo kwa msimu mmoja. Mbio zake zilikuwa za kukatisha tamaa kabla ya drafti, akaangukia nafasi ya 10 kwa Baltimore, na alistaafu akiwa na seki 139. Yeye seki zake zilikuwa na mikono na kona nyuma yake.

Dhana: Mbivu na mbichi hujulikana Indianapolis

Tangu 1987, vipimo vikuu vya vijana hufanyika Indianapolis. Huko hukimbia yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu, huruka, hunyanyua chuma, hupimwa mikono, huhojiwa na kukaguliwa na madaktari. Mashabiki tunazipenda mbio kwa sababu namba yake ni rahisi kukumbuka.

Mwaka 1995 Mike Mamula wa Boston College aling'ara katika vipimo hivyo. Philadelphia Eagles wakabadilishana na Tampa Bay, wakapanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya 7 ili wampate. Tampa Bay, kwa ile nafasi ya 12 waliyopewa, wakamchukua Warren Sapp, ambaye leo yumo kwenye Ukumbi wa Magwiji. Mamula hakuwa mchezaji mbovu kama anavyosimuliwa. Alipata seki 31.5 katika maisha yake ya ligi, na wengi wangefurahi kuwa nazo. Lakini Sapp alikuwa wa daraja jingine, na ushahidi ulikuwa kwenye mechi zake za chuo cha Miami kabla hajavaa kaptula ya vipimo.

Hata hivyo, wanaosema vipimo ni upuuzi mtupu nao siwaungi mkono. Mlinzi wa mstari hakimbii mita 36 moja kwa moja ila mara chache sana, kwa hiyo mimi hutazama muda wake wa yadi 10 za mwanzo, na lile zoezi la kuzunguka koni tatu, ambako mtu mkubwa hulazimika kupinda mwili bila kupoteza kasi. Aidan Hutchinson wa Michigan alilimaliza kwa sekunde 6.73 mwaka 2022, akiwa na kilo zaidi ya 115. Namba ile ilithibitisha kona ambazo tulikuwa tumeshaziona kwenye video. Kipimo kikilingana na video, vizuri. Kikipingana nayo, rudi kwenye video uangalie kwa nini.

Chuma cha kilo 102 ndicho ninachokipa uzito mdogo zaidi. Kinapima kifua na mabega ya mtu aliyelala chali, wakati nguvu ya mlinzi hutoka kwenye nyonga na miguu.

Dhana: Mfupi hawezi, na mwenye mikono mifupi ndiyo kabisa

Aaron Donald alitoka chuo cha Pittsburgh akiwa na sentimita 185 na kilo 129, mwili ambao wengi waliuona mdogo kwa mlinzi wa katikati. Mwaka 2013 alikuwa amezoa tuzo kubwa za walinzi wa vyuo, na bado mwaka 2014 yalitajwa majina 12 kabla ya lake. Rams wakamchukua wa 13. Akawa mlinzi bora wa mwaka mara tatu, 2017, 2018 na 2020. Msimu wa 2018 alipata seki 20.5 akicheza katikati, mahali ambapo wazuiaji wawili humsubiri karibu kila mara. Alistaafu 2024 akiwa na seki 111.

Ufupi wake ulikuwa silaha. Katika mapambano ya mstari, aliye chini ndiye humnyanyua aliye juu. Mzuiaji wa mita mbili lazima apinde magoti yake mpaka akutane na kifua cha Donald, na akichelewa kidogo anajikuta amesimama wima huku anarudishwa nyuma kama mkokoteni.

Mikono ni suala jingine. Urefu wake unasaidia kweli, kwa sababu mwenye mkono mrefu humfikia mwenzake kwanza, na timu nyingi hupenda sentimita 84 kwenda juu kwa walinzi wa pembeni. Hutchinson ana 81.6. Trey Hendrickson, aliyetoka Florida Atlantic na kuchukuliwa raundi ya tatu mwaka 2017, yuko karibu hapo hapo, na mwaka 2024 aliongoza ligi nzima kwa seki 17.5. Hawa wana dawa ya tatizo lao: mikono myepesi kama umeme na miguu inayojua pembe ya kupitia. Kijana mwenye mikono mifupi asiye na dawa hiyo atateseka, na kumwita kila mfupi "Donald mpya" ni kumwonea.

Dhana: Mlinzi wa katikati asiyefika kwa kotabeki ni mzigo

Vita Vea, kilo 157, alichukuliwa wa 12 na Tampa Bay mwaka 2018. Kazi yake kubwa ni kuwafanya wazuiaji wawili wamhangaikie yeye mmoja. Wawili wakishikwa na mmoja, kuna mwenzake nyuma ambaye hana wa kumzuia, na huyo ndiye mtangazaji atamtaja. Kumpima mtu kama huyu, hesabu mara ngapi alikabiliwa na wawili na hakusogezwa.

Dhana: Chuo kidogo, au kuuanza mchezo ukubwani, ni doa

Jared Allen alitoka Idaho State, akachukuliwa raundi ya nne mwaka 2004, akamaliza na seki 136. John Randle hakuchaguliwa kabisa mwaka 1990, alipata 137.5. Wote wamo kwenye Ukumbi wa Magwiji.

Na Ezekiel Ansah, kijana wa Accra, alifika chuo cha BYU akitamani kikapu, akajaribu riadha, kisha mwaka 2010 akajiunga na timu ya futiboli bila kuujua mchezo wenyewe. Mwaka 2013 Detroit Lions walimchukua wa tano. Seki zake za msimu wa mwisho chuoni zilikuwa 4.5, na mwaka 2015 alipata 14.5 katika ligi. Waliompima vizuri walitazama alivyokuwa akibadilika kutoka mechi hadi mechi.

Dhana: Jacksonville walikosea hesabu mwaka 2022

Hii bado inabishaniwa. Jacksonville walikuwa na chaguo la kwanza. Hutchinson alikuwa na seki 14 msimu uliotangulia, Travon Walker wa Georgia alikuwa na sita. Wakamchukua Walker, Detroit wakamchukua Hutchinson wa pili, na mdogo wangu akapiga kelele kwenye simu: "Kaka, seki sita tu?"

Kikosi cha Georgia cha 2021 kilitoa walinzi watano katika raundi ya kwanza ya drafti ile. Walker alikuwa akisogezwa ndani na nje ya mstari, na mara nyingine alirudi nyuma kuzuia pasi za wapinzani. Alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.51 akiwa na kilo 123. Wenzake walikuwa wakubwa kiasi kwamba seki ziligawanywa kama chai ya msibani.

Walker alipata seki 3.5 mwaka wa kwanza, kisha 10 mwaka 2023 na 10.5 mwaka 2024. Hutchinson alipata 9.5, kisha 11.5, na mwaka 2024 alikuwa tayari na 7.5 katika mechi tano tu alipovunjika mguu. Ningekuwa mimi mwenye zamu usiku ule ningemchukua Hutchinson, na hata leo ningemchukua, kwa sababu ya kona zile na mikono ile isiyotulia. Lakini Jacksonville hawakuokota jina gizani. Walimwona kijana aliyetumwa kazi tatu tofauti, akazifanya zote, akapata seki sita katikati ya kazi hizo.